Kushona na Mtoto Gauni la Mdoli la Mtindo wa 1783: Mwongozo Kamili

Wanaomfundisha mtoto kushona kwa kumtengenezea mdoli wake nguo ya zamani hukwama mahali palepale: kwenye mkono wa gauni. Kifua kimetoka vizuri, sketi imekaa, kisha linakuja tundu la bega lenye duara dogo, na kipande cha mkono kilichokatwa mfano wa mwezi mchanga kinatakiwa kiingie humo bila kukunjamana. Mtoto anakata tamaa, mtu mzima anachukua kazi na kuimalizia usiku. Gauni linapatikana, ila mtoto ameondoka akiamini kwamba kushona ni kazi ya wakubwa.

Mara nyingi kosa limeshafanyika kabla mkasi haujagusa kitambaa, pale lilipochaguliwa gauni lenye mikato ya duara. Ninalolipendekeza hapa halina duara hata moja. Ni vipande vitano vya mstatili vya melimeli nyeupe, vinavyokusanywa shingoni kwa kamba na kufungwa kiunoni kwa mshipi mpana. Ni gauni la aina aliyoivaa Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, katika picha aliyochorwa na Élisabeth Vigée Le Brun mwaka 1783, picha iliyoondolewa kwenye maonyesho kwa kuwa watazamaji walimwona malkia kama aliyevaa nguo ya ndani mbele za watu.

Kuna faida nyingine. Enzi hizo kila mshono ulishonwa kwa mkono. Hata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya cherehani ya Elias Howe kule Marekani ilitolewa mwaka 1846. Kwa hiyo mtoto anayeshona gauni hili kwa sindano na uzi tu halifanyi kwa njia ya mkato wala ya kitoto. Analishona jinsi lilivyoshonwa.

Mtoto wa miaka 7 au zaidi anaweza kulifuata lote akiwa na mtu mzima pembeni. Mdogo kuliko huyo abaki kwanza kwenye hatua ya 1 mpaka mkono utulie.

## Vifaa

Mdoli wa urefu wa sm 40 hadi 50. Ile midogo ya sm 29, yenye kiuno chembamba, iache kwa sasa. Kitambaa hakipungui unene kwa sababu mdoli ni mdogo. Pindo lililokunjwa mara mbili juu ya mdoli wa sm 29 linasimama kama ubao, na mshono wa mtoto wenye urefu wa milimita 4 unaonekana mkubwa mno. Kwa mdoli wa sm 45, mshono uleule unakubalika.

Melimeli nyeupe ya pamba, nusu mita yenye upana wa sm 90 au zaidi. Nusu mita inatosha, ila chukua mita nzima ili kipande kikiharibika msipate hofu. Hakikisha ni pamba halisi: kikunje kona yake ndani ya ngumi, ubane kwa muda, kisha ufungue. Pamba itabaki na makunyanzi. Kitambaa cha nailoni au poliesta kitajinyoosha chenyewe, na hapo ndipo taabu ilipo, kwani pindo halitakubali kulala na pasi ya moto inaweza kukiyeyusha.

Bafta nyembamba, robo mita. Ni ya mazoezi na ya sketi ya ndani. Bafta ina mwili kidogo, haiteleziteleza mkononi, kwa hiyo ndiyo inayomfaa mtoto kuanzia.

Uzi wa pamba wa rangi mbili, mweupe wa gauni na mwekundu au wa buluu wa mazoezi. Mtoto anahitaji kuuona mshono wake.

Sindano mbili zenye ncha kali na tundu refu, pamoja na moja butu yenye tundu kubwa ya kupitishia kamba. Sindano za plastiki za watoto hazipenyi melimeli. Zinasukuma kitambaa tu, na mtoto anadhani mkono wake ndio wenye kasoro.

Vingine: kipande cha nta ya nyuki, kastabini inayomkaa mtoto kidoleni, pini zenye vichwa, mto wa kuchomekea pini, mkasi wa kitambaa usiokata karatasi, futi, rula na penseli iliyochongwa. Kamba nyembamba ya pamba, vipande viwili vya sm 60. Utepe wa upana wa sm 4 na urefu wa sm 80 kwa ajili ya mshipi. Pasi itashikwa na mtu mzima peke yake.

Fua melimeli na bafta kwa maji ya moto kabla ya kukata, uzianike, kisha uzipige pasi zikiwa na unyevu kidogo. Pamba mpya husinyaa, tena mara nyingi imetiwa wanga kiwandani. Gauni lililokatwa kabla ya kufuliwa litapungua baada ya kumalizika, na sentimita 1 kwa mdoli ni nyingi.

## Mnavyokaa

Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama mtoto atarudi kesho. Usikae mkabala naye ikiwa nyote mnatumia mkono wa kulia, maana ataona mikono yako kinyumenyume na kuanza kukisia. Kaa upande wake, bega kwa bega, mkitazama upande mmoja. Ikiwa mtoto anatumia mkono wa kushoto na wewe wa kulia, hapo ndipo ukae mkabala naye: atakuiga kama anayejitazama kwenye kioo, na mshono wake utatoka kushoto kwenda kulia bila maelezo mengi.

Shika kazi yako mwenyewe. Kila mmoja awe na kipande chake, ili ukitaka kuonyesha kitu, uonyeshe kwenye cha kwako. Victoria, kabla hajawa malkia wa Uingereza, na mlezi wake Louise Lehzen walivisha midoli ya mbao 132. 32 kati ya hiyo ilivishwa na Victoria mwenyewe na iliyobaki na Lehzen. Huo ndio mgawanyo ninaoutetea. Mkubwa awe na mingi akitaka, ila mdoli wa mtoto ushonwe na mtoto.

Dakika 20 zinatosha kwa kikao kimoja. Acheni wakati mambo bado yanakwenda vizuri. Hesabuni sindano kwa sauti mnapoanza, mzihesabu tena mnapomaliza, na isiwekwe hata moja kwenye mkono wa kiti, kwenye nguo au mdomoni.

## Hatua ya 1: Mshono wa kwenda mbele

Kata kipande cha bafta cha sm 15 kwa 10. Piga mistari mitatu kwa penseli na rula, na juu ya kila mstari weka nukta kila baada ya milimita 5. Sindano inazama kwenye nukta moja na kuibuka kwenye inayofuata. Nukta zinamwondolea mtoto mzigo wa kukadiria, hivyo akili yake yote inabaki kwenye kushika sindano.

Kata uzi wa urefu wa kutoka ncha za vidole vyake hadi begani, usizidi. Uzi mrefu ndio unaofanya mafundo, nao humkatisha mtoto tamaa haraka kuliko kitu chochote. Uvute mara mbili juu ya nta ya nyuki, halafu uubane katikati ya vidole ili nta iliyozidi itoke.

Fundo lifundishwe polepole. Mtoto azungushe ncha ya uzi mara moja kwenye ncha ya kidole cha shahada, ausugue kwa kidole gumba kuelekea nje mpaka uzi usokotane na kuteleza kutoka kidoleni, kisha avute. Mara ya kwanza halitatokea. Mpe uzi mnene wa kufumia ajaribie mpaka vidole vielewe.

Mfundishe pia kusimama kila baada ya nukta nne au tano, kushika mwanzo wa mshono na kukinyoosha kitambaa kwa vidole. Watoto huvuta uzi kwa nguvu mwisho wa kila mshono, na kitambaa kinajikunja.

Dalili ya kufaulu: mistari mitatu ambayo kipande kikilazwa mezani kinalala bapa. Mshono kupotoka milimita 1 au 2 kutoka kwenye mstari si neno. Fumueni pale tu ambapo uzi umeshika tabaka moja badala ya mawili, au kitambaa kimejikunja. Usifumue mshono kwa sababu ya sura yake tu.

## Hatua ya 2: Kumpima mdoli

Vipimo ni vitano. Mtoto ashike futi, wewe uandike.

Mzunguko wa kifua. Mzunguko wa mkono mahali palipo panene zaidi, pamoja na kiganja. Kutoka chini ya shingo kushuka wima hadi usawa wa kwapa. Kutoka chini ya shingo, kupitia begani, hadi kiwiko. Na kutoka chini ya shingo hadi kifundo cha mguu.

Kisha hesabu zinakwenda hivi. Upana wa kipande cha mbele ni nusu ya kifua mara 1.6, ongeza sm 2. Kila kipande cha nyuma ni nusu ya upana wa mbele, ongeza sm 1, viko viwili. Upana wa kila mkono wa gauni ni mzunguko wa mkono wa mdoli, ongeza sm 4. Urefu wa mbele na nyuma ni shingo hadi kifundo, ongeza sm 5. Urefu wa mkono ni shingo hadi kiwiko, ongeza sm 4. Kile kipimo cha shingo hadi kwapa, ongeza sm 3. Nitakiita kina cha kwapa, nanyi mtakihitaji kwenye hatua ya 6.

Mfano: mdoli wenye kifua cha sm 28, mkono wa sm 11, shingo hadi kwapa sm 6, shingo hadi kiwiko sm 12, na shingo hadi kifundo sm 32. Kipande cha mbele kitakuwa sm 24 kwa 37, vya nyuma sm 13 kwa 37 kila kimoja, mikono sm 15 kwa 16, na kina cha kwapa sm 9. Tumia mfano huu kukagua hesabu zako: yakitoka mapana makubwa au madogo mno ukilinganisha na mdoli wako, pima upya.

## Hatua ya 3: Kuvuta uzi, kisha kukata

Msichore kwa penseli halafu mkakata. Melimeli inahama chini ya rula, na mstari unaoonekana umenyooka unakata nyuzi kwa hanamu, yaani kwa mshazari. Kipande kilichokatwa hanamu kinanyumbuka, na gauni litaning'inia upande.

Badala yake, pima upana kwenye ukingo wa kitambaa na ukate mkato mdogo wa sm 1. Ndani ya mkato, tafuteni ncha ya uzi mmoja kwa ncha ya sindano. Ushikeni kwa kucha, uvuteni taratibu huku mkono mwingine ukisukuma kitambaa kirudi nyuma juu ya uzi huo. Kitambaa kitajikusanya, kisha uzi utateleza na kutoka, na utaacha njia nyembamba inayopenyeza mwanga kutoka ukingo hadi ukingo. Mkasi unafuata njia hiyo.

Uzi ukikatika katikati, kateni hadi mlipofika, mtafute ncha, mwendelee. Mtoto mwenye subira atakuwa hodari wa hili kuliko wewe, na hapa ndipo anapoona kwa macho yake mtande na mshindio, kwamba kitambaa ni nyuzi zilizopishana.

Hakikisha urefu wa vipande vyote unafuata mtande, yaani unakwenda sambamba na ukingo wa kiwandani. Andika kwa penseli, ndani ya sm 1 ya juu kabisa: mbele, nyuma kushoto, nyuma kulia, mkono, mkono. Melimeli haina uso na kinyume vinavyotofautiana, na bila alama mtapotea.

Dalili ya kufaulu: ukikunja kipande cha mbele katikati, kingo zinakutana juu na chini bila kulazimishwa.

## Hatua ya 4: Sketi ya ndani kwanza

Melimeli inaonyesha mwili wa mdoli, kwa hiyo sketi ya ndani ni lazima. Lakini sababu yangu kubwa ya kuitanguliza ni nyingine: ina kila kitu ambacho gauni litamdai mtoto, na itafichwa. Mishono yake ya kwanza iishie hapo.

Kata bafta ya upana wa sm 50 na urefu wa kiuno hadi kifundo, ongeza sm 2. Kunja katikati ili kingo fupi zikutane. Piga mstari sm 1 kutoka ukingoni, weka nukta, na mtoto ashone kutoka chini kwenda juu, akiishia sm 3 kabla ya kufika juu. Amalizie kwa kushona mara tatu papo hapo.

Sehemu iliyoachwa wazi ndiyo mlango wa kamba. Fungua mshono kwa pasi, kunja juu nusu sentimita, kisha sm 1.5, na mtoto ashone karibu na mkunjo wa chini. Hiyo ndiyo nefa. Pindo la chini nalo likunjwe vivyo hivyo. Pitisheni kamba kwa sindano butu, mvute, mfunge.

Ikiwa kamba imegoma njiani, basi mshono umeshika tabaka la upande wa pili. Tafuta mahali hapo kwa kupapasa, fumua sentimita 2 tu, mshone tena.

## Hatua ya 5: Mgongo

Laza vipande viwili vya nyuma, kimoja juu ya kingine, herufi zikitazamana. Chagua ukingo wa katikati. Kutoka juu pima sm 14 na uweke alama nyekundu ya uzi. Mtoto ashone kutoka chini, sm 1 kutoka ukingoni, hadi kwenye alama. Mahali hapo ndipo patavutwa kila mdoli unapovishwa, hivyo sm 2 za mwisho zishonwe kwa kurudi nyuma: sindano inaibuka mbele, inarudi kuzama mwisho wa mshono uliopita, inaibuka tena mbele zaidi.

Mtu mzima apige pasi kufungua mshono wote, akiendelea kukunja ile sm 1 hata kwenye sehemu isiyoshonwa. Kando ya uwazi, kingo zilizokunjwa ziingizwe ndani nusu sentimita na zishonwe. Mmepata uwazi nadhifu bila kukata kitu.

Usisogeze hatua hii mbele kwa haraka ya kutaka kuona mikono. Mgongo ukishonwa wakati kitambaa kiko bapa mezani ni kazi ya kikao kimoja. Ukishonwa gauni likiwa limeshafungwa pande zote, mtoto ataushona pamoja na kipande cha mbele bila kujua.

## Hatua ya 6: Mikono

Anzeni kwa kupinda ncha za chini za mikono, kila mmoja ukiwa bado mstatili mezani: nusu sentimita, kisha sm 1.5, mshone.

Sasa pale ambapo wengi hukwama. Kwenye kila ukingo wa pembeni wa mbele, wa nyuma na wa mikono, pimeni kina cha kwapa kutoka juu (kwenye mfano wetu sm 9) na muweke nukta sm 1 ndani ya ukingo. Ziko nukta nane. Lazeni mkono juu ya kipande cha mbele, uso kwa uso, juu zikilingana na kingo zikilingana. Mchome pini kwa kukingama na mstari, si kwa kuufuata, ili mtoto asichomwe. Ashone kutoka juu hadi kwenye nukta, asipite hata mshono mmoja. Huo ni mstari ulionyooka wa sm 9, kama ule wa kipande cha mazoezi.

Rudieni upande wa pili wa mbele kwa mkono wa pili. Halafu ukingo uliobaki wa kila mkono uungwe na nyuma, kwa namna hiyohiyo. Mkimaliza, juu kutakuwa na mstari mmoja mrefu: nusu ya nyuma, mkono, mbele, mkono, nusu ya nyuma.

Onyo: kabla ya kila mshono, laza kazi mezani na umwulize mtoto aonyeshe kwa kidole juu ni wapi. Kosa la kawaida hapa ni kushona mkono ukiwa kichwa chini, pindo likiwa shingoni.

## Hatua ya 7: Kwapa na ubavu

Kunja gauni begani ili mbele na nyuma zitazamane, upande wa ndani ukiwa nje. Kila mkono utajikunja wenyewe katikati. Kuna mishono miwili kila upande: mmoja wa mkono, kutoka pindo hadi nukta ya kwapa, na mwingine wa ubavu, kutoka nukta hiyo hadi chini.

Mtoto ashone hiyo mirefu. Lakini ile nukta ya kwapa ishone wewe, au msimamie kwa karibu sana, kwa mshono wa kurudi nyuma, sm 1 kila upande. Mishono minne inakutana hapo, na uzito wote wa kumvisha mdoli unaangukia hapo. Kwapa la mshono wa kawaida litafunguka siku ya kwanza ya kuchezewa.

Kingo za ndani zitafumuka kwa kuwa melimeli ni legelege. Zungusha uzi ukingoni kwa mishono ya mshazari, tabaka mbili pamoja. Kazi hii inachosha na haina raha. Si vibaya mtu mzima akaifanya, mradi mtoto anaona inafanywa na anajua kwa nini.

Dalili ya kufaulu: geuza gauni, ingiza kidole ndani ya mkono, kisukume kuelekea kwapani. Hakutokei tundu wala kitambaa hakijabanwa.

## Hatua ya 8: Nefa ya shingo

Kwenye mstari mrefu wa juu, kunjeni nusu sentimita kuelekea ndani, mtu mzima apige pasi, kisha mkunje sm 1.5 na kupiga pasi tena. Mnapopita kwenye mishono ya mikono, hakikisha kingo za ndani zimelala kuelekea upande mmoja, la sivyo kamba itanasa.

Mtoto ashone kwa nukta za milimita 4, karibu kabisa na mkunjo wa chini. Miisho miwili, kwenye uwazi wa mgongo, iachwe wazi. Pitisheni kamba. Kabla ya kuvuta, tafuteni katikati ya mbele na mshone kamba hapo kwa mishono mitatu. Bila hivyo, mtoto atavuta upande mmoja siku moja na kamba yote itatoka.

Mvisheni mdoli, mvute kamba pande zote mbili kwa pamoja. Marinda yatajikusanya, ila mwanzoni yatarundikana karibu na uwazi. Yasukumeni kwa ncha za vidole mpaka yagawanyike sawa: mengi zaidi mbele, kidogo begani. Hapa mtoto apewe muda wake. Hatimaye mstatili unageuka gauni mbele ya macho yake, na mimi sijui njia nyingine ya kumfahamisha mtu marinda yanafanya kazi gani.

Kamba ikivutwa mpaka mwisho na shingo bado ikawa nene mno, kitambaa ni kizito. Huwezi kulirekebisha kwa kushona. Punguza upana wa mikono hadi sm 13 kwenye gauni lijalo, ikiwa mkono wa mdoli utapita, au tafuta melimeli nyepesi zaidi.

## Hatua ya 9: Mshipi na pindo la chini

Pindo la chini linaachwa mwisho kwa sababu mshipi hupandisha gauni. Mdoli uvae sketi ya ndani, gauni, kisha mfunge utepe wa sm 4 kiunoni, fundo likiwa nyuma. Vuteni kitambaa kidogo juu ya mshipi ili kivimbe kifuani. Sasa msimamisheni mdoli juu ya meza, na kwa rula iliyosimama wekeni pini kuzunguka mahali gauni linapotakiwa kuishia, juu kidogo ya sakafu.

Livueni, likunjwe kufuata pini, na kilichobaki kiingizwe ndani. Bakizeni pindo la sm 2 au 3, msilikate liwe jembamba. Pindo pana lina uzito, nao uzito huo ndio unaoyafanya marinda yaanguke wima. Kwenye mdoli kitambaa hakina uzito wa kutosha wa kujivuta chenyewe, ndiyo maana nguo nyingi za midoli husimama pembeni kama zilizopulizwa na upepo. Likigoma hata hivyo, nyunyizia maji, panga marinda kwa vidole, zungusha utepe laini kulifunga lote kwa ulegevu, uliache likauke juu ya mdoli.

Mshono wa pindo uwe wa mtoto kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mrefu, umenyooka, na kufikia hapa atakuwa hahitaji nukta. Mwondolee nukta, umbakizie mstari.

## Kulihamisha gauni hadi miaka ya 1800

Mtoto akitaka mdoli wake upite enzi nyingine, hamna haja ya kushona upya. Wanawake wa Ufaransa na Uingereza waliendelea na melimeli nyeupe, ila kufikia miaka ya 1800 kiuno kilikuwa kimepanda hadi chini ya kifua. Ondoeni mshipi mpana, mfunge utepe wa sm 1 chini ya kifua cha mdoli, na mlivute gauni chini lisivimbe juu ya utepe. Litashuka kidogo, angalieni kama linaburura, na likiburura fumueni pindo na mlipandishe.

Mikono ya enzi hiyo mara nyingi ilikuwa mifupi. Msiikate. Ikunjeni kwa ndani hadi katikati ya kiwiko na bega, mshikize kwa mishono mitatu mirefu kuzunguka, ya uzi mweupe usiotiwa fundo kubwa, ili mtoto aweze kuifumua mwenyewe atakapotaka kulirudisha gauni 1783.